Kisehemu Kidogo Kisicho na Kazi

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeipata! Kompyuta ya chama iko juu ya meza yangu ya kulia. Nilimwambia mwenyekiti kwamba imechoka, kuifungua tu inachukua robo saa, na kwamba niko tayari kuitia mfumo wa Linux, bure, kwa mapenzi yangu kwa kikundi. Akaguna. Nimehesabu kuguna kuwa ni kibali.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Jumapili kikundi chetu cha maluf, muziki wetu wa kale wa Andalusia, kinachagua katibu, na Shadli kinyozi anautaka ukatibu. Anapiga udi vizuri. Watu wanampenda. Hata sura yake ni ya kupendwa, mashavu kama komamanga. Mimi napiga dufu, na kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, kwa hiyo hapa Testour hanipendi mtu yeyote anayeuza kitu. Lakini kompyuta ikishakuwa na mfumo ninaoujua mimi peke yangu, mwenye kutaka faili ataenda wapi? Atakuja kwa Tijani. Anayehitajika hana haja ya kupendwa.

“Ninaoujua” ni neno kubwa kidogo. Nimetazama video mbili za bwana mmoja wa Oran.

Nikachomeka fleshi. Kompyuta ikaipuuza, ikafungua mfumo wake wa siku zote. Mara tatu! Bwana wa Oran anasema kompyuta za siku hizi huamka kwa utaratibu mpya uitwao UEFI, na utaratibu huo una masharti yake. Nikaingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio. Nikazima kitu kinachoitwa ulinzi. Nikakuta pia hali mbili za kuwashia, mpya na ya zamani. Mimi ni mstaafu. Nikachagua ya zamani. Fleshi ikafunguka papo hapo! Katikati ya kazi likatokea onyo refu. Nikabonyeza Endelea. Maonyo huandikiwa watu wasio na uzoefu.

Mke wangu Munjia aliuliza kama zile nyimbo za marehemu Shekhe Hattab zimo humo humo. Nikamwambia zimo, ziko salama, aniachie kazi za kiume. Akajibu kwamba kazi ya kiume ni lile bomba linalovuja tangu Ramadhani.

Saa kumi jioni, kazi imekwisha. Nikazima, nikawasha. Ukafunguka mfumo wa siku zote, safi kabisa, kama vile sikuwahi kuzaliwa. Linux haionekani. Imeingia diskini, nimeiona kwa macho yangu ikiingia. Imejificha wapi?

Jumanne, 11 Novemba

Mazoezi. Sikusema kwamba nimeshindwa. Nilisema kazi imekamilika na nimebakiza mapambo.

Neila, mwalimu wa kemia anayeimba safu ya mbele, akaniuliza kwa upole kama fleshi niliifungua kwa hali mpya au ya zamani, maana mfumo ukiingizwa kwa hali moja na kompyuta ikaamka kwa nyingine, haviwezi kuonana. Swali zuri sana. Nikamjibu kwamba inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema, mwanangu, inategemea mengi. Nikaanza kurekebisha ngozi ya dufu.

Shadli akadakia kutoka nyuma, akiniita Si, yaani Bwana, kama ilivyo desturi yetu: “Si Tijani akitengeneza saa, huomba radhi kwa jua!” Wakacheka wote. Hata mwenyekiti, ambaye nilidhani hajui kucheka.

Kisha tukakumbushwa jambo ambalo sote tunalijua. Jumamosi tunatimiza mwaka mmoja tangu Shekhe Hattab, mwalimu wetu, alipotutoka. Saa tisa alasiri ukumbini tutaketi, na kabla sisi hatujapiga chochote, itasikika sauti yake. Ndani ya kompyuta zimo nyimbo kumi na tisa alizozirekodi kwa kinywa chake. Hazipo kwingine. Mjane wake, Bibi Zubeida, au Lella Zubeida kama tunavyomwita, hajaisikia sauti ya mumewe tangu siku ya maziko. Anaisubiri Jumamosi.

Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu kama ile nakala niliyoagizwa niitoe tangu masika niliitoa. Nikatikisa kichwa namna ambayo inaweza kuwa ndiyo, na inaweza pia kuwa shingo inaniuma.

Jumatano, 12 Novemba

Balaa!

Asubuhi nilikuwa na akili sana. Nilifungua fleshi tena, nikatazama diski imegawanywaje. Sehemu kubwa ya mfumo wa zamani, yenye faili za chama. Sehemu ya Linux yangu. Na mwanzoni kabisa, kisehemu kidogo, megabaiti mia moja tu, jina lake herufi tatu zisizosomeka. Nikakitilia shaka. Miaka thelathini na moja nimekamata wauza zeituni wenye kubandika kijiwe chini ya sahani ya mizani. Hiki ndicho kijiwe chenyewe! Hiki ndicho kinachoizuia Linux isionekane!

Nikakifuta.

Nikawasha. Giza. Mstari mmoja mweupe: hakuna kifaa cha kuwashia.

Nikazima, nikawasha. Giza. Nikabonyeza F2, F10, F12, Delete, na kwa kukata tamaa hata kitufe cha sauti. Mfumo wa zamani haupo. Linux haipo. Nyimbo kumi na tisa hazipo.

Wakati huo huo mlango ukagongwa. Lella Zubeida. Ameshika sahani ya makrudi, keki ndogo za tende na ufuta, bado zina moto. Amesikia Si Tijani amejifungia siku ya tatu anahangaika kwa ajili ya marehemu, akaona haifai nifanye kazi na njaa. Akaketi. Akatazama kompyuta, mkono juu ya goti, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Akauliza, kwa aibu kama bibi harusi, kama anaweza kusikia wimbo mmoja tu sasa hivi. Ubeti mmoja. Hatamwambia mtu.

Nikamwambia kompyuta imepumzishwa.

Akasema basi iache ipumzike, maskini. Akatoka kwa kunyata, ili asiiamshe.

Nilikula makrudi tatu. Sikusikia ladha. Nikala ya nne kuhakikisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Mwenyekiti alipiga simu asubuhi kutaka kujaribu vipaza sauti. Ikabidi niseme. Nikasema kompyuta haiwaki. Akapiga kelele hadi Munjia akaisikia kutoka jikoni. Akauliza nani kaishika mara ya mwisho kabla yangu.

Nikasema Shadli. Jumapili alichapisha ratiba.

Ni kweli! Shadli alichapisha ratiba Jumapili. Sikusema amefanya lolote. Nilitaja siku na jina, kama nilivyokuwa nikijaza fomu. Lakini baada ya pale nilinyamaza, na kile kimya ndicho kilichofanya kazi chafu. Nilikisikia kikifanya. Ningeweza kukikata kwa neno moja. Neno lilikuwepo mdomoni, limekaa kabisa.

Mchana habari zikaenea. Shadli kanyang'anywa ubeti aliokuwa aupige peke yake Jumamosi. Ameambiwa akae nyuma, karibu na mlango.

Nilitazamia furaha. Sikuipata.

Lella Zubeida alileta makrudi tena.

Munjia hakuniuliza chochote hadi tulipokula. Kisha akasema: “Tijani, mimi nimekuvumilia mengi. Nimekuvumilia ukipima mkate wa mama yangu kwenye mizani siku ya harusi yetu. Hili sikuvumilii. Nenda kaseme.” Nikasema nitaandika barua. Alasiri nikaandika kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unahusu utumishi wangu. Wa pili unahusu hali ya kompyuta duniani. Wa tatu unaanza kukaribia. Katika wa nne nikaishiwa na wino, alhamdulillahi.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala nilikwenda dukani kwa Shadli kukiri uso kwa uso. Nilikuwa nimejiandaa. Sentensi mbili tu.

Duka lilikuwa tupu. Akanionyesha kiti. Kabla sijafungua kinywa nikawa nina povu hadi masikioni. Wembe shingoni. Mtu hakiri na wembe shingoni, hilo hata wanasheria wanalijua. Nikasubiri amalize.

Lakini yeye ndiye aliyeanza. Akasema taratibu, bila kunitazama kwenye kioo: “Si Tijani, ni mimi.”

Nikasema nini ni wewe.

Akasema Jumapili wakati anachapisha ratiba alikuwa na kikombe cha kahawa, na kilitikisika. Tone moja. Labda mawili. Alilipangusa upesi kwa mkono wa shati, akajiambia halikuingia ndani. Sasa hapati usingizi. Shekhe Hattab ndiye aliyemfundisha kushika udi alipokuwa hana baba, na sasa yeye, Shadli, ndiye aliyemuua Shekhe mara ya pili, kwa kahawa. Atamtazamaje Lella Zubeida? Akaacha kunyoa. Mabega yake yakawa yanatikisika. Yule Shadli mwenye mashavu!

Hapa ndipo pa kusema. Hakuna mtu aliyewahi kufunguliwa mlango mpana kuliko ule. Nikavuta pumzi.

Nikamwambia nimemsamehe.

Naliandika tena ili nilione vizuri. Nilimwambia nimemsamehe. Akaubusu upara wangu, hapa juu. Akakataa malipo. Akanipaka marashi ya maua ya mchungwa, yale mazuri anayowawekea maharusi.

Nimerudi nyumbani nanukia kama bwana harusi. Munjia akauliza nimesema? Nikasema tumezungumza mengi. Akanusa. Akanisogelea, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akachukua sahani ya makrudi kutoka mbele yangu na kuifungia kabatini.

Jumamosi, 15 Novemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, ingawa mashavu yanawaka.

Saa sita nilifika ukumbini na kompyuta nimeifunika kwa taulo, kama maiti. Mpango wangu ulikuwa kutangaza msiba kabla watu hawajajaa. Neila alikuwa amefika. Amekuja na fleshi yake. Akaomba aiangalie tu.

Nikamwambia haina faida, mwanangu, ni kahawa.

Akaiwasha, akausoma ule mstari mweupe, akasema kahawa haiandiki “hakuna kifaa cha kuwashia”. Kahawa inaua kimyakimya.

Akaketi. Akaingia ukurasa wa bluu, akairudisha ile hali mpya, akafungua kwa fleshi yake. Mwenyekiti akasogea. Shadli akasogea, akiwa ameshika tasbihi. Lella Zubeida akaletewa kiti. Sote tukasimama nyuma ya yule mwalimu wa kemia kama watu wanaosubiri mwezi kuandama.

Dakika chache tu akasema: “Faili zote zimo. Hakuna kilichoungua.” Shadli akaketi chini, sakafuni kabisa.

Neila akaeleza, kwa watu wote lakini akinitazama mimi. Kompyuta ya namna hii ina kisehemu kidogo mwanzoni mwa diski. Humo hukaa bawabu. Ukiwasha, kompyuta humtafuta bawabu, bawabu ndiye anayekwenda kuuamsha mfumo. Nyumba hii ipo, akasema, na vitu vyote vimo ndani. Ila mtu amemfukuza bawabu na kibanda chake akakibomoa. Kahawa haiwezi kufanya hivyo.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Nikajitolea kufungua madirisha.

Akakijenga upya kile kisehemu, megabaiti zile zile. Akamrudisha bawabu, mstari kwa mstari, anaandika bila kutazama vitufe. Kiasi cha nusu saa. Kisha akasimama, akaja mpaka dirishani niliponing'inia, akaniambia kwa sauti ya chini: “Si Tijani, niiwashe sasa? Au ungependa kusema kitu kwanza?”

Nilidhani ananiomba ruhusa. Nikafurahi. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: “Washa, binti yangu!”

Akawasha.

Hapa kuna jambo sikuliandika Jumatatu, hata humu ambamo hasomi mtu. Linux ilipokuwa ikiingia, iliniuliza jina la mwenye kompyuta. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa na furaha. Nikaandika.

Kioo kikawaka, ikafunguka ile Linux yangu. Maandishi makubwa meupe, katikati, vipaza sauti vyote na mashine ya kutupia picha ukutani vimeshaunganishwa, ukuta mzima wa ukumbi, kila herufi kubwa kama mlango:

KATIBU MKUU TIJANI.

Kimya. Kile kile cha Alhamisi, sasa kimekuja kunitafuta mimi.

Shadli aliyasoma mara mbili, nilimwona midomo ikienda. Akageuka. Akatazama upara wangu, pale alipobusu. Afadhali angenipiga kwa udi wake.

Nikasema. Sasa ndipo nikasema, wakati maneno hayana thamani tena kuliko mkate wa juzi. Nilisema ni mimi. Nilisema Shadli hana kosa, kahawa haina kosa, nilifuta kitu nisichokijua kwa sababu nilitaka wanihitaji. Nilisema nilimsamehe mtu kwa dhambi yangu mwenyewe. Mwenyekiti akafumba macho. Nyuma ukumbini mtu mmoja akasema: “Lahaula, na sahani zote zile za makrudi!”

Lella Zubeida akainua mkono. Akasema, tena bila hasira, hayo yatasubiri. Akasema: “Nifungulieni mume wangu.”

Neila akabonyeza.

Ikatoka pumzi kwanza. Kukohoa kidogo, kule kwake kwa sigara. Kisha sauti. Sijui kuielezea. Ni kama mtu ameingia kutoka kwenye mvua na kuvua koti. Lella Zubeida alifunga macho, vidole vyake vikawa vinapiga mapigo gotini. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, pale wimbo unapopanda, sauti ikakatika ghafla. Nikajua nimeharibu na hii pia.

Shekhe Hattab akasema, kwa nguvu, kwenye vipaza sauti vyote vinne: “Tijani! Wewe Tijani! Dufu lako linakuja lini? Wimbo umepita, wewe bado uko njiani! Ewe Mola, mtu amepima mizani maisha yake yote na mapigo matatu hawezi kuyapima!”

Ukumbi ulipasuka. Watu walishikana. Mwenyekiti alilia kwa kucheka. Shadli alijizuia, akajizuia, kisha akaangukia ukuta. Na Lella Zubeida alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, anasema ni yeye, ni yeye huyo, ndivyo alivyokuwa, haki ya Mungu ni yeye.

Aliniita. Nikaenda, kichwa chini. Akasema: “Kila siku alikuwa akirudi nyumbani akikusema wewe. Asiyempenda, hakumfokea.”

Hilo ndilo lililonimaliza. Matusi ningeyabeba. Nilitoka nje kwenye mti wa mchungwa nikakaa mpaka Munjia aliponifuata. Alinifuta pua, mbele ya watu, kama mtoto.

Jumapili, 16 Novemba

Uchaguzi. Shadli ndiye katibu. Kura ishirini na mbili. Tijani Sfayhi alipata kura moja. Sitaki kujadili ni ya nani.

Nilimwendea Shadli kumpongeza na kuomba radhi. Akanishika bega. Akasema atanisamehe, Si Tijani, inshallah, ila si leo. Na nikitaka kunyolewa mwezi huu, kuna kinyozi mzuri Medjez el-Bab. Nikasema ni haki. Nikasema nitapanda gari asubuhi. Akatazama ardhi, akatabasamu kidogo bila kutaka.

Kisha likaja suala la nani akae na kompyuta. Kila mtu akatazama pengine. Lella Zubeida ndiye aliyesema. Akasema apewe Tijani. Wakaguta! Akasema mtu aliyeungua moto hupita mbali na jiko. Wote nyinyi mnaweza kuiharibu kesho kwa kutojua, isipokuwa huyu, ambaye ameshaona. Neila akasema ametoa nakala mbili za nyimbo zote, moja kwake na moja kwa Lella Zubeida, kwa hiyo inawezekana, kwa sharti moja: nisiguse chochote.

Nikaapa. Niliapa mbele ya watu ishirini na tatu, mkono kifuani. Sijawahi kusema neno la kweli zaidi ya lile. Nilirudi nyumbani nimeishika kompyuta kwa mikono miwili. Mwepesi. Nimesafika. Nilimwambia Munjia kwamba aibu ni mwalimu mkali kuliko hata Shekhe Hattab, na mimi nimefuzu. Akasema tutaona.

Jumanne, 18 Novemba

Siku njema. Jua kidogo. Munjia yuko kwa dada yake mpaka jioni.

Sijagusa chochote. Nimeiwasha tu kuona kama inawaka. Inawaka! Ila inachukua sekunde arobaini na moja, nimepima. Hilo si sawa. Nikasoma kidogo. Kumbe bawabu si wa kwanza kuamka. Chini yake kuna programu nyingine, ya kompyuta yenyewe, iliyo ndani ya ubao wake, ambayo ndiyo inayomwamsha bawabu. Na watengenezaji wametoa mpya! Iko pale kwenye ukurasa wao, bure. Wanasema inaboresha kuwaka.

Niliapa kutogusa diski wala faili. Hii si diski. Hii si faili. Nimelifikiria jambo hili kwa uadilifu.

Wazia kwenye mazoezi, Shadli anabonyeza, na kabla hajaondoa kidole, imefunguka! Watauliza nani. Nitanyamaza tu.

Kuna onyo jekundu: umeme usikatike hata kidogo wakati kazi inaendelea, la sivyo kompyuta haitaamka tena kabisa. Betri ya kompyuta ilishakufa siku nyingi, lakini nimechomeka ukutani. Kampuni ya umeme imetangaza itakata mtaa wetu saa tisa kwa matengenezo. Sasa ni saa nane na nusu. Kazi ni dakika kumi. Na wale watu tangu nizaliwe hawajawahi kufika kwa wakati.

Nimebonyeza Ndiyo.

Asilimia tisa. Kumi na moja. Kazi safi sana.

Mbona leo wamewahi? Nawaona kutoka hapa dirishani. Wanaegemeza ngazi kwenye nguzo.